Nyimbo Nisizozielewa

Ninachokijua mwenyewe ni hiki: nilianguka mtihani wa sheria ya ushahidi, na barua ya chuo ilinipa nafasi moja tu ya kuurudia. Kwamba nilianguka kwa sababu ya muziki, hilo niliambiwa. Aliyeniambia ni mwanangu, dereva wa watalii wanaoshuka kreta ya Ngorongoro, naye alikuwa ameambiwa na mtu mwingine.

Nasoma kwa masafa, nyumbani kwangu Ganako, katika umri ambao wenzangu wengi wameacha hata magazeti. Kwa miaka kadhaa sasa masikio yangu yana mlio usiokoma. Kwangu kimya ndicho kelele mbaya kuliko zote. Ndiyo maana husoma muziki ukipigwa. Mwanangu alitaka niuzime.

"Kama ni lazima, Baba, weka piano ya Wazungu. Wataalamu wanasema inafungua akili."

"Wataalamu gani? Umezungumza nao?"

"Wamejaa kwenye simu."

"Basi wabaki humo humo."

Hata hivyo sikuikataa piano kabla ya kuisikiliza; huo ungekuwa uzembe. Niliijaribu wiki nzima. Kila iliposhuka sauti, nilisimamisha kalamu nikingoja ipande tena. Nikarudia nyimbo za Kiiraqw nilizokulia. Hizo zilinivuruga zaidi: siku moja, katikati ya jibu kuhusu kiapo cha shahidi, nilikuta nimeandika kwamba mtama umeiva. Kosa halikuwa la muziki. Kosa lilikuwa kuyaelewa maneno.

Kwa hiyo nikachagua nyimbo za Kimaasai, nilizowekewa na fundi simu mjini Karatu. Ni sauti tupu za watu, bila ala, na lugha yenyewe siijui. Kurasa zikaanza kujaa.

Asubuhi moja mama anayetuletea maziwa, mzaliwa wa Ngorongoro, alisimama mlangoni akasikiliza, akacheka mpaka akalitua dumu chini.

"Mzee, unajua huyu anamwimbia nani?"

"Sijui, na usiniambie."

"Lakini ni—"

"Mama, tafadhali! Nikijua nimekwisha."

"Basi wewe na ng'ombe wetu sawasawa. Nao tunawaimbia, hawaelewi neno."

"Maziwa wanatoa?"

"Wanatoa, tena mengi."

"Basi niache nami nitoe kurasa."

Siku hiyo hiyo habari ikaenea mtaani kwamba mzee wa sheria anasomeshwa pamoja na ng'ombe. Aliyeniletea ni mwanangu, uso umemkunjamana kwa aibu. Aliniomba niache chuo kabla sijaanguka tena mbele ya watu. Nikamjibu kwamba mbele ya watu nimekwisha kuanguka, na sikuvunjika mfupa. Kisha nikaongeza sauti ya nyimbo, naye akatoka.

Siku ya mtihani simu zilikusanywa mlangoni. Mlio ulinisumbua nilipokuwa kwenye swali la kwanza. Baada ya hapo sikumbuki kuusikia, na nisichokikumbuka sikitolei ushahidi. Matokeo hayajatoka. Wapo wanaosema msahihishaji ni mkali, na wapo wanaosema huwahurumia wazee. Sijamwona. Ninachoweza kukithibitisha ni kwamba nilijibu maswali yote manne yaliyotakiwa, na msimamizi alipotangaza muda umekwisha, mimi ndiye niliyekuwa bado ninaandika.