Maji Aliyolinywesha Lori

Mjomba wangu Mwinyimvua alizaliwa visiwani, kwenye delta, mto unapoingia baharini, na ujana wake wote alikata boriti za mikoko, akizama matopeni hadi mapajani. Siku mkoko ulipomwangukia babake akafa papo hapo, Mjomba alimzika, akalitupa shoka mtoni, akaapa: "Matopeni sirudi." Akahamia Kibiti. Alianza kwa kuosha magari ya watu, akajifunza kuendesha, na baada ya vita vya Hitla akapata lori kuukuu la jeshi. Akawa anakwenda bandari ya Nyamisati kuchukua samaki wakavu na abiria, na msimu wa mavuno anabeba mpunga wa Bwana Husseini, tajiri wa Ikwiriri.

Sijaona mtu aliyetunza chuma namna ile. Kila alfajiri, akitoka kuswali, alifungua boneti kabla hata ya kunywa uji. Mbele ya injini pana pampu ya maji, na mimi kwa kuulizauliza nikajua kazi yake: inayasukuma maji yazunguke injini isiungue, halafu yanarudi kwenye rejeta kupoa. Mjomba alikaza nati yake kidogo, akajaza grisi kwenye kikombe chake cha shaba, kisha akapitisha kidole chini kuona kama inatoa machozi.

"Pampu ni kama mama mkwe," alisema. "Mwamkie kila siku, hatakusumbua."

Mwaka mmoja ikamsumbua. Ilianza kudondosha tone moja moja, kisha ikawa mchirizi. Akaifunga upya kwa uzi wa pamba uliolowekwa mafuta ya ng'ombe; ikakaa wiki moja tu. Katikati ya mavuno ikakwama kabisa. Bwana Husseini akatuma mtu na maneno mafupi: Jumatatu asubuhi lori liwe Ikwiriri, lisipokuwapo mpunga wa msimu mzima atapewa mtu mwingine aubebe. Mjomba alijua maana yake. Bila mpunga ule lori halina maisha, na bila lori, kazi nyingine anayoijua ni moja tu.

Aliagiza pampu mpya Dar es Salaam, kisha akaifungua ile ya zamani. Akaitoa, akaigeuza juani. Yale mabawa ya ndani yanayosukuma maji yalikuwa yameliwa, yamebaki vipande kama meno ya kizee, na kila mahali pana ukoko mweupe. Akaukwangua kwa kidole, akakiweka ulimini.

"Chumvi," alisema.

Bibi yangu Mwanahalima, mamake, alikuwa akipepeta mchele pale pale uani. Akaweka ungo chini.

"Mwinyimvua, huko Nyamisati maji ya gari unachota wapi?"

"Pale pale bandarini, mama. Lori likifika linachemka, nachota ndoo, namimina."

"Yakiwa yamekupwa au yamejaa?"

Mjomba akaanza kuukwangua ule ukoko. Kwetu hata mtoto wa miaka mitano anajua: maji yakipwa unachota ya mto, yakijaa unachota ya bahari. Wanawake hukaa na ndoo zao wakingoja yapwe.

"Wewe ungeyanywa?" Bibi akauliza.

"Gari si mtu, mama."

"Kumbe limefanya nini sasa? Limeugua kama mtu."

Pampu mpya ilifika Jumamosi kwa basi, imefungwa kwa karatasi yenye mafuta. Jumapili Mjomba alikata gasketi ya kuziba maungio kutoka boksi la sabuni, akaipaka grisi, akakaza bolti moja huku, moja kule, ili ikae sawasawa. Akavalisha mkanda wa feni. Akajaza maji matamu ya kisima, ndoo nne, kila moja akiionja kwanza! Mfaume fundi cherehani, mtani wake, alikuja kusimama na futi yake shingoni.

"Leo umejifunza kuonja, wewe mla kaa? Si ungeyatia na ndimu?"

"Ondoka hapa, shona kanzu za watu," Mjomba akacheka. Ndiyo mara ya mwisho niliyomsikia akicheka.

Injini iliwaka. Ikanguruma vizuri kabisa, na chini ya pampu pakavu, hata tone hakuna. Mkewe, Mwanasiti, akapiga kigelegele. Baada ya muda kidogo mngurumo ukaanza kukohoa, moshi mweupe ukatoka nyuma. Mjomba akaizima, akachomoa kile kijiti cha kupimia oili. Oili ilikuwa nyeupe, nzito.

"Ala! Unapika wali wa na—" Mfaume akaanza, halafu akaona uso wa mwenzake.

Ilikuwa kama tui kweli. Chumvi haikuishia kwenye pampu. Ilikwisha toboa injini yenyewe kwa ndani, na sasa maji yanaingia kwenye oili.

"Si utaagiza chuma kingine?" mkewe akauliza.

"Hiki hakiagizwi, Mwanasiti. Hiki ndicho gari lenyewe."

Jumatatu asubuhi lori jingine lilipita barabarani kuelekea Ikwiriri, tupu, likienda kupakia. Mjomba alikuwa amechuchumaa akiifungua pampu mpya. Aliifuta, akaipaka grisi, akairudisha kwenye karatasi yake, akaitundika kwenye boriti ya paa. Nilimuuliza ya nini. Akasema chuma kizima hakiachwi kikaoza.

Ijumaa akaazima shoka. Nilimsindikiza mpaka Nyamisati kwa miguu. Mtumbwi wa kumpeleka visiwani ulikuwa tayari, mwenye mtumbwi anaita, "Mwinyimvua, twende basi, maji yamejaa!" Mjomba akasema ngoja, hajachota maji ya kunywa. Akaenda akaketi na kibuyu chake kitupu miongoni mwa wanawake wenye ndoo, shoka mapajani, akiyatazama maji. Alikaa hivyo hivyo mpaka yakaanza kupwa.