Hesabu Isiyo na Saba

Kabla mume wangu hajafa, simu ilikuwa imeshanimaliza. Nafundisha wanawake mazoezi uani kwangu hapa Kibiti, nyuma ya ua wa makuti, na suruali yangu ya michezo na mtandio. Hiyo ndiyo kazi. Lakini kazi ikazaa kazi: video asubuhi, video jioni, kuwajibu watu nisiowajua, huyu akiuliza mbona nimenenepa, yule mbona nimekonda. Nikawa nafundisha wenzangu kupumua, mwenyewe pumzi sina.

Mpiga video alikuwa mume wangu. Alikuwa seremala, alikuja na vumbi la mbao kwenye nyusi, akashika simu na kunihesabia. Kila mara aliruka saba. Nilipomgombeza alisema nane imejileta yenyewe. Nilidhani ananipunguzia tu kwa kuniona nimechoka. Video ikishakwisha niliondoa sauti yake nikaweka muziki, maana ndicho wanachopenda watu wa mitandaoni.

Homa ilimchukua upesi. Nikaingia eda.

Wengi huona eda ni kifungo. Mimi, Mungu anisamehe, ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka kukaa bila kujipiga picha. Simu nilimkabidhi wifi yangu, mdogo wa marehemu aliyekuja kunitunza, nikamwambia sitaki kuiona. Nililia nikalala, nikaamka nikalia tena, na hakuna aliyenitaka nitabasamu.

Wifi, kwa mapenzi yake, aliona ukurasa wangu unapoa. Akatafuta video za zamani zilizosalia ndani ya simu, zile ambazo sikuwahi kuzirusha, akazirusha moja moja, bila muziki kwa kuwa kuuweka hajui. Hakuandika kwamba ni za zamani. Basi mji ukamwona mjane aliye edani anaruka kamba. Wanafunzi wangu wakaacha kuja kunijulia hali. Jirani aliyezoea kuketi nami akawa anaacha bakuli la uji mlangoni na kuondoka. Habari ikashuka mpaka Salale, kwenye delta ya Rufiji, kwa mama mkwe. Mwenye duka alimwonyesha video moja, sauti ameizima.

Wifi aliponieleza alichofanya, nilishikwa na hofu. Mama yule alinipenda kama wa kumzaa. Akiamini nimemchezea shere mwanawe, ningelia na nani?

Alipanda boti hadi Nyamisati, kisha bodaboda. Aliingia, akaweka chini mfuko wa kamba wakavu, hakuuliza hali. Alisema anataka kuiona video hiyo nami nikiwepo. Wifi akaifungua. Nikaonekana naruka, na nyuma yangu sauti inahesabu: nne, tano, sita, nane.

Mama mkwe akanyanyua mkono tunyamaze.

"Huyu tangu mdogo hana saba," akasema. "Akinihesabia nazi, kila rundo linapungua moja. Nimemchapa mpaka nimechoka."

Wifi akapiga magoti akaanza kujieleza, lakini mama hakuwa anamsikiliza. Alitaka irudiwe. Ilirudiwa mara nyingi, simu ameibana sikioni. Kisha akalia kwa sauti. Msibani walimwambia asubiri, asilie kwa sauti, naye akasubiri. Kilio chenyewe kilikuwa kimebaki hadi siku ile.

Alipotulia akataka nyingine. Wifi akafungua ukurasa, video zangu zote za miaka zikajipanga.

"Hii, mwanangu yumo?"

"Hayumo, Mama," nikamjibu. "Huo ni muziki."

"Na hii?"

"Hayumo."

Za asili, zenye sauti yake, nilikuwa nazifuta ili simu ipate nafasi. Aliyesalia ni yule wa video chache alizookota wifi, na nilimshukuru kwa kosa lake.

Mama mkwe mwenyewe aliwaeleza majirani, nao wakarudi kunisalimu. Nilipotoka eda nilimpelekea ile simu Salale. Mtandao kule unafika kwa kubahatisha, lakini kumsikiliza mwanawe hakuhitaji mtandao, na majirani wana sola ya kuchajia. Sijui kama kuna wanaoniulizia huko mitandaoni. Mimi natumia kitochi, kisimu cha kupigia tu.

Uani nahesabu mwenyewe sasa. Nikifika sita navuta pumzi, halafu nasema nane. Mwanafunzi mgeni akitaka kuuliza, wenzake humwashiria aendelee kuruka.