Mstari wa Nyuma ya Sikio la Kushoto

Msusi huyu hutumia mkono wa kushoto. Ndiyo maana mistari yake huanzia nyuma ya sikio la kushoto, ikazunguka utosi na kushukia bega la kulia, wakati wenzake wote huanzia kwenye paji la uso. Ukikutana na mteja wake njiani, unajua katoka kiti gani.

Wifi yake, dada wa mumewe, alijifunzia kwenye kiti hichohicho. Akauiga mstari ule kama ulivyo, ingawa yeye hutumia mkono wa kulia.

Kisha ikaja katuni ya binti mfalme mweusi. Vipande vya kwanza viliwasha moto kwenye simu: uso umefifishwa, nywele zimelala kama katani. "Weusi wetu wameuonea haya," watu walisema. Watengenezaji wakaomba radhi, wakatafuta msusi wa kuwaonyesha kazi. Siku walipofika saluni kwake, msusi huyu alikuwa amempeleka mama mkwe kliniki. Mama mzazi wa wifi huyohuyo. Wakarekodi mikono ya wifi.

Filamu ilipotoka, jina la wifi lilipita mwishoni, jeupe kwenye kiza. Msusi alilisoma mara moja, likamkaa kooni kama mwiba wa samaki. Chanuo walilotumia pamoja miaka sita akalifungia kwenye droo yake. Wifi akicheka, yeye aliongeza kasi ya draya asimsikie.

Haikupita wiki, moto ukawaka upya. *Hata kusuka hawajui! Nani anaanzia nyuma ya sikio?*

Wifi aliingia macho mekundu, simu mkononi. "Wifi, wananichamba! Eti nimetutia aibu weusi wote."

"Mgema akisifiwa," mteja mmoja akachokoza, "tembo hulitia maji."

Msusi alifurahi, kwa muda wa kusuka fundo moja. Kisha akaichukua simu, akasoma tusi baada ya tusi, na wivu ukamrudia mkali zaidi. Maelfu ya watu walikuwa wanagombana juu ya mkono wake, na hata tusi moja halikumtaja.

"Waandikie kwamba mstari huo ni wangu."

Wifi akafuta machozi. "Unataka kunibebea lawama, wifi yangu?"

"Nani akubebee? Lawama ni yangu. Usiniibie na hiyo."

Msusi akamsimamia nyuma ya kiti, akilitazama jina lake mwenyewe likiandikwa, herufi kwa herufi.