Mizinga ya Baba kule Oicha

Vita vilipotufukuza Oicha, baba aliacha mizinga yake yote ya nyuki msituni. Tulikaa Vulamba karibu mwaka mzima. Tuliporudi, askari walikuwa wameichoma wakitafuta asali, na miti ya maua ilikuwa imekatwa kwa ajili ya kuchoma makaa. Mizinga miwili tu ndiyo iliyopona. Baba aliipaka nta, akangoja. Nyuki walirudi, lakini kabla ya mavuno tuliwakuta wamekufa chini, wamelundikana. Jirani yetu alikuwa amepulizia kakao yake dawa ya wadudu.

"Juu ya nini hukuniambia, ndugu?" baba alimuuliza.

"Kakao ikioza, batoto yangu batakula nini?"

Kesho yake baba aliipasua ile mizinga kuwa kuni, mama akapikia maharage.