Mlango wa Zizi

Mwezi wa saba Ufipa hata chuma hakishikiki kwa baridi, na mimi nikiwa nyumbani situlii. Asubuhi ile nilikuwa nimeshalizunguka shamba la baba mara mbili, mikono kwapani, upepo ukinipiga masikioni kana kwamba una kesi na mimi. Nilipita kwenye matuta ya ulezi uliokwisha kuvunwa, nikashuka mpaka kijitoni, nikarudi. Umande ulikuwa bado mweupe kwenye majani na ng'ombe walikuwa bado ndani.

Baba hafungui zizi mpaka umande ukauke, kwa sababu majani yaliyoloa huwavimbisha ng'ombe matumbo. Nalijua hilo tangu utotoni. Lakini nilitaka kurudi mjini Majengo, dukani kwangu, na kusubiri jua sikuweza. Nikaichomoa miti ya mlangoni mmoja mmoja, nikapiga mluzi.

Hakuna aliyetoka. Walisimama wakitoa mvuke puani, wakiitazama nyumba iliyokuwa nyuma yangu. Niliwafokea. Nikaingia, nikamsukuma dume kwa bega. Akahamisha mguu tu.

Jua lilipokausha majani, baba alitoka amejifunga blanketi. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akautazama mlango ulio wazi. Kisha akaigonga nguzo kwa fimbo yake mara mbili, na ng'ombe wote wakatoka wakifuatana, wakanipita.

“Usiwakasirikie,” akaniambia. “Hawatoki na mgeni.”