Taa Zisizoshika Puani

Nabwire, fundi wa taa kutoka Busia mwenye kibanda chake soko la Kibuye pale Kisumu, hakuwahi kushindwa na ukuta, dari wala kaunta ya baa. Na nyinyi mnajua kaunta za siku hizi zilivyojipinda, utadhani seremala alionja bidhaa kabla ya kazi. Zote alizizungushia utepe wa taa na zinawaka mpaka leo. Sasa huku Usenge, kando ya ziwa, pua ya boti moja ilikuwa inamtoa kijasho.

Boti ilikuwa mpya, rangi ya bluu inang'aa, mali ya Mama Rachael. Mumewe alifia ziwani: boti kubwa ilimgonga gizani kwa sababu boti yake haikuwa na hata koroboi. Ndiyo maana mama aliapa kwamba mwanawe Owiti hatatoka usiku kuvua omena, wale dagaa wa ziwani, mpaka boti iwe na taa za kuonekana toka mbali, hasa puani. Ubavuni taa zilishika vizuri. Puani, pale mbao zinapojikunja, kila Nabwire akibandika asubuhi, jioni utepe unaning'inia kama utumbo wa kuku.

"Mimi sielewi," alisema, akajishika kiuno. Jamani, angeelewa vipi? Alipiga msasa, akafuta kwa spiriti, akaacha pakauke bila kupagusa tena, maana kidole kina jasho na gundi haipendi jasho. Utepe hakuuvuta, aliulaza pole pole, akiupinda kati ya taa na taa ili usikatike kwa ndani. Alibadilisha gundi. Akalilaumu jua. Akamlaumu hata mbuzi wa jirani, maskini, mbuzi ambaye shida yake ni maganda ya ndizi tu.

Mzee Gordon, aliyekuwa akishona nyavu hapo kando, hakumsaidia kitu. "Shida ni wewe. Mwanamke amepanda boti kabla haijaguswa na maji. Ziwa limekataa."

"Ziwa liko kule, Mzee. Taa zinaanguka huku mchangani."

"Haya, basi tuambie wewe ni nini."

Nabwire aliokota msasa wake kwa hasira. Alianza hata kuutazama mguu wake uliopanda boti kwa wasiwasi, yeye mtu wa kanisa!

Asubuhi moja Owiti alikuja amekunja uso. Giza la mwezi lilikuwa limeingia, zile siku omena hufuata taa, nao ni tele, na vijana wake walishaanza kuitwa na wenye boti wengine. "Dada, leo jioni natoka. Taa ziwepo, zisiwepo."

 Nabwire aliogopa, tena sana, kwamba mama huyu atazika mtu wa pili kwa ajili ya utepe usioshika.

Alisafisha pua upya, akaiacha ikauke. Kama kawaida, Mama Rachael akamwita nyumbani. Kwake fundi haanzi kazi na tumbo tupu, na ukikataa umemtukana. Kama kawaida, alimmiminia chai, akamsogezea viazi vitamu, kisha mwenyewe akatoweka. Lakini leo Nabwire hakuwa na muda wa viazi. Alibeba kikombe chake akarudi ufuoni.

Mama Rachael alikuwa huko, amepiga magoti mbele ya boti, kichupa mkononi, akiomba kwa Dholuo. Kiganja chake kilikuwa kinapaka pua yote mafuta ya maombi kutoka kanisani.

"Mama! Unafanya nini?"

"Naomba, nyathina. Mwanangu, boti ya Baba Owiti waliigonga puani, hapa hapa. Kila ukimaliza kuosha, na mimi napaka, ndio pawe pasafi kabisa."

Nabwire hakujua acheke au alie. Alifanya vyote viwili, chai ikamwagika. Rangi mpya hung'aa hata bila mafuta, ndiyo maana hakuyaona; na yeye na ufundi wake wa kutogusa, hakugusa! Alimweleza mama taratibu kwamba gundi na mafuta havikai pamoja.

Mama Rachael aliangalia kiganja chake. "Kumbe ni mimi nilikuwa naangusha taa ya mtoto wangu?"

"Hukujua, Mama. Hata mimi sikujua."

Waliosha pua pamoja kwa maji moto na sabuni, kisha spiriti. Nabwire akabandika, na safari hii akaongeza vibano vya plastiki kila penye mkunjo, kwa skrubu fupi zisizopenya mbao. Jioni ilipofika, utepe ulikuwa haujasogea.

Vijana waliposhika boti kuisukuma, Mama Rachael alisimama na kichupa chake. "Sasa mafuta haya nimpake nani?"

Nabwire alimwonyesha Owiti kwa kidevu.

"Mama, watu wananiona," Owiti alinong'ona, mwanamume mzima na ndevu zake.

"Wakuone."

Akainama. Mama akammiminia kichupa chote, mafuta yakamshuka mpaka ndevuni, na hakuna aliyecheka, hata Mzee Gordon.

Boti ikaondoka, pua inawaka. Mama alibaki ufuoni, ameshika mkono wa Nabwire kwa kiganja chake chenye mafuta.

"Inaonekana," alisema.

Baada ya kitambo akasema tena, "Bado inaonekana."