Mzizi wa Nne wa Gego la Mama

Mama yangu alibakiwa na gego moja la maana, la juu upande wa kulia, lenye mwenzake wa chini wa kukutana naye, na alilipenda kuliko mumewe. Alisema hivyo mwenyewe, baba akisikia. Meno ya mbele ya chini aling'olewa usichanani, kwa desturi ya kwetu Lumino, wala hakutoa sauti. Yeyote aliyelia siku hiyo aliwaachia ndugu zake aibu ya miaka. Gego hilo ndilo lililomtafunia karanga zake, na lilipoanza kumuuma alikataa katakata ling'olewe.

Nikampeleka Tororo kwa daktari wa meno Mhindi, aliyejua kutoa mshipa wa ndani na kuliacha jino mahali pake. Alikanyaga mashine yake kama cherehani, akatoboa, akapitisha visindano vyembamba katika mizizi mitatu. Gego la juu huwa na mitatu, alinieleza.

"Lakini ingine iko na shauri yake," akasema, akigusagusa. "Uliza mama, hapa iko uma?"

Mama hakujua Kiswahili. Mimi ndiye niliyekuwa mdomo wake. "Mwambie hapaumi," akanijibu kwa Kisamia, huku kucha zake zimezama mkononi mwangu. Aliulizwa mara tatu. Mficha uchi hazai, wanasema. Mama alizaa saba, ila uchungu hakuwahi kumwonyesha mtu. Nami ningemuumbuaje mbele ya mgeni? Nikasema hapaumi. Daktari akaziba.

Wiki chache baadaye shavu lilivimba hadi jicho likafumba. Tukarudi, na safari hii gego halikuokoka. Lilipotoka tulihesabu mizizi minne. Wa nne ulikuwa mdogo, umepinda, haujaguswa. Daktari alinitazama mimi, si mama.

"Mimi nauliza mara tatu," akasema polepole.

Tangu hapo nilimtwangia karanga mpaka alipofariki. Alizilamba tu kwenye kijiko, akilalamika kwamba hazina ladha. Nina hamu naye, hata na manung'uniko yake.

Lakini ninachokikumbuka zaidi ni safari ya kurudi siku ile, juu ya lori la pamba lililotubeba. Alitoa kitambaa chenye damu mdomoni, akanishika bega.

"Asante, mwanangu," akasema. "Hukuniaibisha."

Laiti angenitukana.